Kukataliwa Mara Mbili Si Ushahidi wa Uongo

Nchini Australia kuna hukumu ambayo watu huitoa wenyewe, bila kusubiri jaji: mtu akiomba viza ya hifadhi akanyimwa na ofisa wa serikali, kisha akaenda kwenye baraza la mapitio akanyimwa tena, basi alikuwa mwongo. Wanasiasa wa huko wameisema kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku hizi inasemwa pia kwa Kiswahili, kwenye harusi za Melbourne na Perth, kwenye makundi ya WhatsApp ya Wakongo na Warundi, na hata na ndugu walioko nyumbani wanaouliza kwa nini fulani hajapata makaratasi wakati wenzake wameshapata. Amepimwa mara mbili, wanasema. Njia ya mwongo ni fupi.

Kauli hiyo ni potofu, tena inaumiza watu. Anayeishikilia hajui baraza lile linaamua nini. Zaidi ya hapo, hajui kwamba kati ya sababu zote ambazo baraza linaweza kuziandika, neno "simwamini" ndilo jepesi kuliko yote kuliandika na zito kuliko yote kulipindua.

Tuanze na chombo chenyewe. Mwaka 1993 Australia iliunda Baraza la Mapitio ya Wakimbizi ili aliyenyimwa viza asikilizwe upya na mtu asiyepokea amri za waziri. Mwaka 2015 likamezwa na Baraza la Rufaa za Kiutawala, nalo likavunjwa tarehe 14 Oktoba 2024, na nafasi yake ikachukuliwa na Baraza la Mapitio ya Kiutawala. Majina yamebadilika lakini kikao ni kilekile. Mjumbe mmoja yuko upande huu wa meza. Upande wa pili yuko mwombaji aliyekwisha kula kiapo. Mkalimani amekaa kando, au ni sauti tu inayotoka kwenye simu. Kwa kawaida wakili wa serikali hayupo, kwa hiyo hakuna mabishano ya pande mbili yanayoweza kuutoa ukweli hadharani. Mjumbe mwenyewe ndiye anayeuliza, ndiye anayetilia shaka, na ndiye atakayeamua. Kikao ni cha faragha. Baada ya wiki au miezi, uamuzi unakuja kwa maandishi.

Swali analotakiwa kujibu mjumbe si kama mtu huyu ni mkweli. Ni hili: akirudishwa kwao, ipo hatari ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya kabila, dini, siasa, uraia au kundi lake? Mahakama Kuu ya Australia, katika shauri la Chan la mwaka 1989, ilisema hatari hiyo inaweza kuwa chini ya asilimia hamsini na bado ikatosha kumfanya mtu mkimbizi. Hili ni swali la kesho, la jambo ambalo bado halijatokea. Mtu anaweza kusema kweli tupu tangu mwanzo hadi mwisho na bado akanyimwa, kwa kuwa mjumbe ameona hatari ni ndogo, au madhara si makubwa kiasi kinachotajwa na sheria, au vurugu za nchi ile zinamkabili kila mtu na si yeye peke yake.

Wahazara wa Afghanistan waliyaona haya kwa macho yao. Wengi walitoka wilaya kama Jaghori, huko Ghazni, ambako barabara za kutoka na kuingia zilikuwa na vizuizi vya Taliban. Wapo walioaminiwa kila kitu: kijiji chao, kabila lao, ndugu waliouawa njiani. Kisha uamuzi ukasema wanaweza kuhamia Kabul au Mazar-e-Sharif, wakaishi huko salama. Agosti 2021 Taliban wakaingia Kabul. Hao watu hawakuwa wamedanganya lolote. Aliyekosea ni aliyetabiri. Lakini kwenye mazungumzo ya mtaani nao walikwisha kuhesabiwa kuwa waongo, kwa kuwa walikataliwa mara mbili.

Au chukua wanaume wawili kutoka Bangladesh, ambao shauri lao linajulikana kwa namba tu, S395. Baraza lilikubali kwamba walikuwa wapenzi na kwamba waliishi pamoja. Likawanyima hifadhi kwa hoja kwamba kwao waliishi kwa kujificha, na wakirudi wakaendelea kujificha hawatadhurika. Desemba 2003 Mahakama Kuu, majaji wanne dhidi ya watatu, ilisema baraza limekosea: mtu hawezi kunyimwa hifadhi kwa kutarajiwa ajifiche maisha yake yote, kwa sababu kule kujificha kunaletwa na hofu ileile anayoikimbia.

Kilichofuata baada ya hukumu hiyo kinastahili kusomwa na kila anayedhani kutoaminiwa ni kipimo cha ukweli. Mwanasheria Jenni Millbank alifuatilia maamuzi ya baraza katika mashauri ya aina hiyo, akachapisha aliyoyaona mwaka 2009. Hoja ya "kajifiche" ilipofungiwa mlango, waombaji walianza kukataliwa kwa wingi zaidi kwa sababu nyingine: hawakuaminiwa kabisa kwamba ni mashoga. Sioni namna ya kuamini kwamba waombaji wa Bangladesh na Iran walianza kudanganya kwa sababu majaji wa Canberra wametoa hukumu. Waombaji walikuwa walewale. Kilichobadilika ni sababu ambayo mjumbe angeweza kuiandika bila kurudishiwa faili.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Aliyeshindwa barazani anaweza kwenda mahakamani, lakini mahakama haina ruhusa ya kusema kama yeye ni mkimbizi au siye. Inatafuta kosa la kisheria tu: je, baraza lilielewa vibaya sheria, lilimnyima mtu nafasi ya kujibu, liliruka dai lake? Mjumbe akitafsiri vibaya sheria, jaji anamrudishia faili. Mjumbe akiandika kwamba hakuridhishwa na majibu ya mwombaji, jaji mara nyingi atasema hayo ni mamlaka ya baraza. Imani au kutoamini ni eneo la mjumbe. Lipo linaloweza kupinduliwa, pale mantiki inapokosekana kabisa, ila kizingiti chake ni kirefu mno. Matokeo yake, mfumo mzima unampa mjumbe mwenye kesi ngumu njia moja salama. Sisemi wajumbe hukaa na kula njama. Wengi wao wanafanya kazi nzito kwa uaminifu, na wapo waliowaokoa watu ambao idara ya uhamiaji ilitaka kuwarudisha. Nasema mazingira ya kazi yao yanaivuta kalamu upande mmoja, na mvuto huo haupimi ukweli wa mtu.

Basi kutoaminiwa huko kunajengwa na nini? Mara nyingi na tofauti kati ya masimulizi mawili. Waliofika kwa boti mwaka 2012 na 2013 walihojiwa kwa ufupi walipowasili, wengi bila mwanasheria, wakiwa bado na uchovu wa bahari. Kisha wakazuiwa kuomba viza kwa miaka. Mei 2017 waziri wa uhamiaji, Peter Dutton, akatangaza kwamba ambao bado hawajawasilisha maombi, wapatao 7,500, wafanye hivyo kabla ya tarehe 1 Oktoba 2017, vinginevyo wapoteze haki hiyo. Fomu ilikuwa ndefu na ilitakiwa kujazwa kwa Kiingereza, wakati msaada wa kisheria wa serikali kwa watu waliofika bila viza ulikuwa umekatwa tangu Machi 2014. Kisha ofisa akaweka mezani maelezo mafupi ya siku ya kuwasili, pembeni akaweka maelezo marefu ya miaka minne baadaye, akauliza: mbona hapa hukutaja kwamba walimkamata mdogo wako?

Mahakama ya Shirikisho iliwahi kuonya, mwaka 2014, kwamba mahojiano ya kuwasili yatumiwe kwa tahadhari. Sayansi ilikuwa imesema kabla ya hapo. Mwaka 2002 Jane Herlihy na wenzake walichapisha katika jarida la udaktari la Uingereza utafiti uliofanywa kwa wakimbizi 39 kutoka Kosovo na Bosnia, watu ambao tayari walikuwa wamekubaliwa na kupewa hifadhi, hivyo hawakuwa na cha kupata kwa kudanganya. Waliombwa wasimulie matukio yaleyale mara mbili, kwa kuachanisha muda. Masimulizi yalitofautiana. Yalitofautiana zaidi katika mambo ya pembeni, na waliokuwa na majeraha mazito ya akili walizidi kujipinga kadiri muda kati ya mahojiano ulivyokuwa mrefu. Yaani aliyeteswa zaidi, akasubirishwa zaidi, ndiye atakayeonekana mwongo zaidi. Ongeza mtu anayehesabu miaka kwa kalenda ya Ethiopia, iliyo nyuma ya hii yetu kwa miaka saba au minane, au kwa kalenda ya Kiafghani, na hesabu ya kubadilisha tarehe imefanywa haraka na mkalimani aliyechoka. Tarehe zinapishana, na kupishana huko kunaingia kwenye uamuzi kama dosari ya mwombaji.

Halafu kuna kifungu ambacho kwangu ndicho kibaya kuliko vyote. Mwaka 2015 Bunge la Australia liliingiza katika Sheria ya Uhamiaji kifungu cha 423A. Kilisema mwombaji akileta barazani dai jipya au ushahidi mpya ambao hakuutoa mbele ya ofisa wa kwanza, na mjumbe asiporidhika na sababu ya kuchelewa, ni lazima mjumbe alipunguzie dai hilo uzito wa kuaminika. Soma tena: ni lazima. Sasa mfikirie mama aliyebakwa na askari, akaketi mbele ya ofisa wa kiume, mkalimani akiwa mwanamume wa kabila lake na wa kanisa lake. Hakusema. Mwaka mmoja na nusu baadaye, baada ya kuzungumza na mshauri wa kike, anasema. Baraza lina miongozo mizuri kuhusu watu walio katika hali ngumu na kuhusu wanawake, na mjumbe mwenye busara atamwelewa. Lakini mjumbe asiyeelewa ana sheria mkononi inayomwelekeza amtilie shaka. Bunge limeandika shaka kabla ya mama huyu kuingia chumbani, na bado watu wanataka tusome uamuzi huo kama ushahidi kwamba mama ni mwongo.

Wakati mwingine mtu hukataliwa kwa jambo ambalo hata hakujua linabishaniwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua shauri la baharia wa Iran linaloitwa SZBEL. Alisema alivutiwa na Ukristo, habari zikamfikia nahodha wa meli, akaogopa kurudi. Ofisa alimkataa kwa sababu zake. Baraza nalo likamkataa, lakini kwa kutoamini sehemu za simulizi lake zinazohusu meli na nahodha, sehemu ambazo ofisa hakuzipinga na ambazo mjumbe hakumwambia kwamba zinamtatiza. Angejuaje alete maelezo? Majaji wote walikubaliana kwamba hakutendewa haki. Baharia huyo alipata wakili na akafika Mahakama Kuu. Wangapi hawafiki? Watafiti wa Kituo cha Kaldor cha chuo kikuu cha UNSW huko Sydney wameonyesha kwamba mwenye mwakilishi hushinda barazani mara kadhaa zaidi ya asiye naye. Kama baraza lingekuwa linatenganisha wakweli na waongo tu, wakili asingeleta tofauti kubwa kiasi hicho.

Sisi wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kuogopa vipimo hivi. Nchini Uingereza, Wabajuni waliosema wanatoka visiwa vya kusini mwa Somalia walipimwa kwa rekodi za sauti zilizotumwa kwa kampuni ya Sweden iitwayo Sprakab. Ripoti nyingine zilirudi zikisema msemaji anaongea Kiswahili cha Kenya. Mtu wa Lamu au Mombasa angeweza kueleza kwa nini: vita ya Somalia iliyoanza 1991 iliwamwaga Wabajuni pwani yote ya Kenya, wakaishi huko miaka, wakazaa watoto huko, na lugha yao imepakana na Kiamu na Kimvita tangu zamani. Mtaalamu wa lugha Derek Nurse, aliyetumia miaka mingi kukiandika Kibajuni, alishughulikia madai ya aina hii na kueleza ugumu wake. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la watu wawili waliosema wanatoka Somalia, ilikemea ripoti za Sprakab zilizovuka mipaka ya utaalamu wa lugha na kuanza kutoa maoni kuhusu kuaminika kwa mtu. Australia nayo ilipitia hayo kwa Waafghani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Diana Eades na wenzake walipoyachunguza maamuzi ya baraza walitilia shaka misingi ya vipimo hivyo. Mtoto aliyelelewa Mombasa na mama wa Kibajuni hasemi kama babu yake. Hilo si kosa lake.

Kuna waliopimwa vibaya zaidi. Kwa takriban watu 31,000 waliofika kwa boti kati ya tarehe 13 Agosti 2012 na mwisho wa 2013, Australia iliunda njia ya mkato. Unyimaji wao ulipitiwa na Mamlaka ya Tathmini ya Uhamiaji, iliyoendeshwa na watumishi wa umma waliosoma faili mezani. Kwa kawaida hapakuwa na kikao, na maelezo mapya yalikubaliwa kwa sababu za kipekee tu. Takriban mara tisa kati ya kumi, Mamlaka iliafiki unyimaji. Miaka michache kabla yake, waliofika kwa boti wakapata kuketi mbele ya mjumbe na kusikilizwa walikuwa wakishinda zaidi ya nusu ya mashauri. Nchi walizotoka hazikufanana zote, nakubali, na hali za nchi hubadilika. Lakini hakuna anayeweza kunishawishi kwamba pengo la ukubwa huo lilitokana na uongo kuingia ghafla kwenye boti. Mamlaka hiyo ilivunjwa Oktoba 2024, pamoja na baraza ambalo Mwanasheria Mkuu wa Serikali wa wakati huo, Mark Dreyfus, alikuwa amelilaumu hadharani kwa uteuzi wa kisiasa usiozingatia sifa. Serikali imekiri kwamba chombo kilikuwa kibovu. Maamuzi ya Mamlaka hiyo kwa maelfu ya watu bado yamesimama.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito, na sitaikwepa. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010, maelfu ya watu walioingia Australia kwa ndege na viza za matembezi, Wamalaysia wakiwa wengi zaidi kwa miaka kadhaa, waliomba hifadhi bila madai yoyote ya maana. Mawakala waliwauzia maombi hayo kama kibali cha kufanya kazi mashambani wakati shauri linasubiri. Ni kweli. Lakini kilichowavuta watu hao ni foleni. Shauri likichukua miaka mitano, hata ombi lisilo na msingi lina thamani ya miaka mitano ya mshahara. Serikali yenyewe iliona hivyo: Oktoba 2023 ilitenga dola milioni 160 za Australia kuharakisha maamuzi, ikianza na maombi mapya ili wakala asiwe na muda wa kuuza. Hiyo ndiyo dawa ya ugonjwa ule. Kuchukua kushindwa kwa mfanyakazi wa shambani na kukutumia kumhukumu mpinzani wa kisiasa kutoka Eritrea ni kumwadhibu mtu kwa shauri la mwingine.

Na kwa ndugu zangu waliotoka kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale nina neno la upole. Nawaelewa mnaposema mlikaa kambini miaka kumi na tano mkisubiri zamu, mkahojiwa mara nyingi, mkapanda ndege na viza mkononi, na kwamba anayefika kisha akaomba amewaruka. Uchungu wenu ni halali. Lakini mnakumbuka mahojiano yenyewe. Mnakumbuka familia iliyoandikwa tarehe mbili za kuzaliwa za mtoto mmoja, na faili lake likakaa miaka. Mnamfahamu jirani aliyekuwa mkweli kuliko wote kambini, akakwama kwa sababu ya jina lililoandikwa kwa herufi tofauti kwenye kadi ya mgao. Hamkumwita mwongo. Mlimwonea huruma, mkamwombea. Aliyekataliwa Sydney anahitaji mtazamo uleule.

Hatari ya kauli ninayoipinga haiishii kwenye maneno. Mtu aliyeshindwa barazani ana siku 35 tu za kwenda mahakamani, na siku hizo ndipo jamii yake inapomkimbia. Hakuna anayemchangia ada, hakuna anayemtafutia mkalimani wa kusoma naye ule uamuzi wa kurasa ishirini. Wengine hawajui hata walikataliwa kwa sababu gani, kwa kuwa hakuna aliyewasomea.

Madai yangu kwa Australia ni machache. Msaada wa kisheria urudishwe kwa kila mwombaji tangu fomu ya kwanza, awe alikuja kwa boti au kwa ndege, kwa kuwa kosa la siku ile ndilo linalomfuata mtu hadi mwisho. Mjumbe anayetaka kuandika "simwamini" alazimike kutaja jambo mojamoja, aonyeshe kwamba alimweleza mwombaji shaka yake ana kwa ana, na aandike jibu alilopewa. Waliopitiwa na ile Mamlaka iliyovunjwa wasikilizwe upya, kwa kikao. Na amri ya kutilia shaka iondolewe. Baraza jipya lilipoanza Oktoba 2024, wajumbe wake walikuta amri hiyo imehamishiwa kifungu cha 367A, na mama anayechelewa kusema aliyotendewa bado anaingia kwenye chumba ambamo sheria imekwisha kumtilia shaka.